Upande wa Kusini wa Nchi ya Manemane

Barabara ya lami itokayo Babati kwenda Singida humwonyesha msafiri Mlima Hanang mapema mno, na nadhani ndiyo sababu wengi hawashuki. Wanauona tangu mbali, umesimama peke yake juu ya tambarare, mita 3,417 za volkano iliyozimika zamani. Wanaupiga picha kupitia dirishani, basi linashusha abiria wachache Katesh, safari inaendelea. Nawasikitikia. Wilaya hizi mbili, Hanang iliyouzunguka mlima na Mbulu iliyopanda juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, zina kitu kisichoingia kwenye picha. Zinanukia.

Harufu ninayoisema ni ya utomvu. Mti ukijeruhiwa gome, na mbuzi, na mwiba wa mwenzake, na panga la mchungaji, unatoa tone. Tone linaganda kwa jua. Ukiliweka juu ya kaa la moto linatoa moshi ambao watu wa dini nyingi, kwa maelfu ya miaka, wameuona unafaa kwenda mbinguni, kwenda kwa mizimu, kwenda kwa maiti na kwenda kwa bibi arusi. Miti inayofanya hivyo vizuri zaidi ni ya ukoo mmoja, ukoo wenye matawi mawili mashuhuri. Tawi la kwanza ni Boswellia, utokako ubani. La pili ni Commiphora, itokako manemane, nalo lina aina zipatazo 200, nyingi zikiwa za Afrika.

Mwaka 1983 mtaalamu wa mimea Frank White alitoa ramani ya uoto wa Afrika aliyoiandaa pamoja na UNESCO. Katika ramani ile kuna eneo moja refu la nchi kavu linaloanzia Pembe ya Afrika, likateremka kupitia nyanda za Kenya, likaingia Tanzania na kufika hadi bonde la Ruaha Mkuu. White aliliita kwa majina ya Somalia na Wamasai. Ndiyo nchi ya migunga na Commiphora. Wafalme wa Misri walituma majahazi yao upande wa kaskazini wa nchi hiyo kutafuta manemane, na msafara wa Malkia Hatshepsut kwenda Punt, karne ya 15 kabla ya Kristo, umechongwa kwenye kuta za hekalu lake ukionyesha watu wamebeba miche hai ya miti hiyo, na mizizi yake ndani ya vikapu. Nyanda za chini za Mbulu na Hanang ziko upande wa kusini wa nchi hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anayesimama Katesh akitazama vichaka vya kijivu visivyo na jani kuelekea Ziwa Balangida anatazama jamaa wa miti ile ya hekaluni. Vichaka vile havijulikani na wasafiri, wala hakuna bango linalovitaja, na jambo hilo limekuwa likinikera kwa muda mrefu kiasi cha kunikalisha chini niandike.

Mti wenyewe si mzuri kwa anayeupita kwa gari. Kwa Kiswahili huitwa mbambara, na wengine husema mturituri. Ni mfupi, umejikunja, una miiba mifupi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna jani hata moja. Inabidi ushuke na kuusogelea. Gome la juu linabanduka lenyewe kwa vipande vyembamba vinavyojiviringa kama karatasi ya sigara, na kila kipande kinapotoka, chini yake unaona kijani. Hiyo ndiyo siri yake: jani likipukutika, gome linaendelea na kazi ya jani, likipata mwanga kupitia ngozi hiyo nyembamba. Kwaruza kidogo kwa ukucha. Harufu inakuja kabla ya tone, kali kiasi, yenye uchachu wa ndimu na kitu kingine kizito nyuma yake. Kisha tone linajitokeza, jeupe kama wingu, linasimama. Ukirudi kesho yake utalikuta limekuwa la manjano, na linakwama kidoleni ukiligusa. Baada ya wiki chache ni gumu na linavunjika.

Ndani ya tone hilo kuna vitu vitatu vilivyochanganyika. Kuna gundi, ambayo huyeyuka katika maji. Kuna sehemu isiyokubali maji lakini huyeyuka katika spiriti. Na kuna mafuta mepesi yanayopaa, ndiyo harufu. Mti hautengenezi haya yote kwa ajili yetu. Ni bandeji yake. Linaziba kidonda, linawafukuza wadudu, linazuia kuvu kuingia kwenye mti. Binadamu aliyeona mti unajitibu hivyo, kisha akapaka tone lile kwenye kidonda cha mbuzi wake, hakuwa mshirikina. Alikuwa ametazama vizuri.

Katika maboma ya Wabarbaig, wafugaji wa Hanang, mbambara na jamaa zake utawakuta wamesimama kwenye uzio. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima nje ya boma lake kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, bangili za shaba mkononi, anasokota kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

Nikamwambia sijapotea, nimekuja kuangalia uzio wake. Alicheka, akaniita nikae kivulini. Mti ule, alisema, haufi. Ukikata tawi ukalichomeka ardhini wakati wa kiangazi, mvua ikija linaota, na baada ya miaka michache ng'ombe hapiti wala fisi hapiti. Nikamuuliza kuhusu utomvu. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa maji yanafaa nini. Unapakwa kwenye kidonda kisichofunga, alisema, cha mtu na cha mnyama, watoto wanautafuna, na mbao yake ni nyepesi, inachongwa mzinga. Kisha akaendelea na kamba yake. Kwake hilo halikuwa somo la mimea. Lilikuwa jambo la nyumbani.

Mzinga, alisema. Asali kwa Wabarbaig ni kitu kizito. Kwa asali ndiyo hutengenezwa pombe ya wazee, na pombe hiyo ndiyo humsindikiza mzee aliyeheshimika akifa. Mazishi makubwa ya Wabarbaig, bung'ed, yaliandikwa kwa kirefu na mwanaanthropolojia George Klima katika kitabu chake cha mwaka 1970. Kaburi la mzee wa namna hiyo hujengwa juu, tabaka kwa tabaka, kwa miezi tisa, huku jamaa na koo nyingine zikija na pombe ya asali na sala, mpaka kilima cha udongo kinampita mtu kimo. Makaburi hayo yalikuwa yametapakaa kwenye nyanda za Basotu, humo humo Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, mradi mkubwa wa ngano wa shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, ulichukua ekari zipatazo 100,000 za malisho hayo, na matrekta yakapita juu ya baadhi ya makaburi. Kesi zilifika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Ukipita Basotu leo utaona mashamba mapana na ziwa zuri lenye ndege, na unaweza kuondoka bila kujua. Mimi naomba msafiri ajue. Huwezi kuisifu nchi ukaruka makaburi yake.

Katesh yenyewe ni mji wa mnada. Siku ya mnada ng'ombe wanaingia tangu alfajiri, na kufikia saa nne vumbi limechanganyika na moshi wa nyama choma, na mtu akitaka kununua sime, shuka jekundu, ndala za tairi au kitunguu, anavipata hatua chache tu kutoka alipo. Waganga na wauza dawa huketi pembeni, bidhaa zao zimepangwa juu ya turubai: magome, mizizi, unga wa rangi ya kahawia kwenye chupa za maji, na katika kikopo kimoja, vipande vya ubani. "Ubani maka huu," muuzaji mmoja aliniambia, akichota kwa kifuniko cha chupa na kufunga kwenye kipande cha gazeti. Umetoka wapi? Kwa tajiri wa Arusha. Na huyo ameutoa wapi? Akainua mkono kuelekea kaskazini, kuelekea Kenya na kote kulikobaki. Hakukosea. Ubani unaouzwa katika masoko yetu mwingi unatoka Somalia na Ethiopia, umepita mikono mingi, na kila mkono umeongeza bei yake.

Aliniwekea punje moja juu ya kaa, ndani ya kigae cha chungu, ili nijue haniuzii vumbi. Punje ilitulia kwanza, ikatoa povu pembezoni, ikaanza kulia kwa sauti ndogo, ndipo moshi mweupe ukapanda wima. Waliokuwa karibu waligeuza shingo. Mzee mmoja aliyevaa kanzu alisogea, akakinga moshi kwa viganja viwili na kuupaka usoni, akaenda zake. Nilimwonyesha muuzaji kipande cha utomvu wa mbambara nilichokiokota kwenye uzio wa yule mama. Alikinusa. "Huu upo," alisema, "lakini hauna soko." Alikuwa mkweli. Manemane halisi inatoka kwenye aina moja, Commiphora myrrha, ambayo haioti Hanang, na jamaa zake wa huku wana mafuta machache zaidi na harufu iliyotulia zaidi. Hata hivyo niliwahi kuufukiza chumbani Katesh usiku wa baridi, na nakwambia kwa dhati, sikukosa kitu.

Siwezi kuandika kuhusu Katesh nisiitaje tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa iliuloanisha mlima mpaka sehemu ya mteremko ikaachia, na tope, mawe na magogo vikashuka alfajiri vikaufunika mji na vijiji vya jirani kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Kutoka kila pembe ya nchi watu walituma ubani, wengine kwa simu, wengine kwa malori ya unga na mablanketi. Na misikitini na makanisani ukafukizwa ule mwingine. Hadi leo utaona mikwaruzo ubavuni mwa mlima ukiutazama kutoka mjini. Njia ya kupandia kileleni kutokea Jorodom ipo, msitu wa mlima ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na waongozaji wa hapo wanahitaji kazi. Usiogope kwenda. Nenda kwa heshima.

Kutoka Hanang kwenda Mbulu unarudi kwanza mpaka Dareda, halafu barabara inaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Dakika chache tu na mwili unajua. Masikio yanaziba, hewa inapoa, kioo cha gari kinapata ukungu, na vichaka vikavu vinaachwa chini. Juu ni kijani: mahindi, ngano, maharage, viazi, mikaratusi, nyumba zilizotawanyika kila moja na shamba lake. Dongobesh ndiyo njia panda, kaskazini ni Mbulu mjini, kusini-magharibi ni Haydom. Harufu ya huku ni ya udongo mbichi, samadi na, msimu ukiwadia, vitunguu saumu. Vitunguu saumu vya Mbulu vinajulikana mpaka Kariakoo, na ukisimama Bashay wakati wa mavuno pua haihitaji kuelekezwa.

Hii ndiyo nchi ya Wairaqw. Lugha yao ni ya Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali na Kioromo, imezungukwa kwa sehemu kubwa na lugha za Kibantu na Kiniloti. Nimekuwa nikiitafakari ramani ya Frank White nikiwa hapa. Nchi ya manemane imeteremka kutoka Pembe ya Afrika mpaka mguuni mwa milima hii, na lugha za Kikushi nazo zimeteremka kutoka huko huko mpaka hapa, zikafanya kituo juu ya milima. Sisemi kwamba moja ilimleta mwenzake. Nasema ukisikia mzee wa Kainam anaitikia "saita" na chini yake upepo unapandisha harufu ya vichaka vya bondeni, unatambua kwamba Pembe ya Afrika haiko mbali kama ramani za shule zilivyotufundisha.

Katika imani ya asili ya Wairaqw, Lo'aa ni jua na ni mama, mwema, mlezi. Netlaangw ni roho za majini, wanakaa chemchemini na mtoni, na inabidi kuwachunga. Mganga wao, qwaslarmo, hushughulikia mvua na mipaka ya nchi. Na wazee wakikusanyika penye pombe, mmoja wao husimama na slufay, sala ndefu ya baraka inayosemwa kwa mapigo, wenzake wakiitikia. Nimesikia slufay kwenye harusi Mbulu. Sikuelewa maneno yote, lakini nilielewa mwendo wake: inapanda polepole, inazunguka, inaziita njia za Lo'aa, inaitia baraka nchi, ng'ombe, watoto, wageni.

Na Jumapili, watu hao hao wanaelekea kanisani. Jimbo Katoliki la Mbulu limekuwapo tangu mwaka 1953, na katika sikukuu kubwa mhudumu wa altareni anazungusha chetezo kilichojaa uvumba, mnyororo ukilia, watoto wa mstari wa mbele wakikohoa kwa furaha. Moshi unapita juu ya vichwa vya akina mama waliojitanda vitenge, unapanda kwenye mabati. Katika Injili manemane ipo mwanzo na mwisho: Mamajusi walioileta pamoja na dhahabu na uvumba, na Nikodemo aliyekuja na manemane na udi kwa ajili ya mazishi. Katikati, pale Golgota, kuna divai iliyotiwa manemane ambayo Yesu alipewa akaikataa. Kwa karne nyingi waumini wameelewa kwamba divai ile ilikuwa ya kupunguza maumivu. Mwaka 1996 watafiti wa Florence, Italia, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio yao ya manemane kwa panya, wakaonyesha kwamba baadhi ya viini vyake kweli hupunguza maumivu, na kwamba hufanya hivyo kwa kugusa mahali pale pale katika ubongo ambapo mofini hugusa. Katekista aliyenifundisha utotoni angefurahi kusikia hivyo. Nadhani yule mama wa Balangida asingeshangaa.

Hapa lazima niseme waziwazi, maana sifa ikizidi huua. Panya si mtu, na manemane halisi si kila utomvu wa porini. Utomvu wa kidonda cha mbuzi si dawa ya kunywa ya shinikizo la damu, hata kama mtu wa mnadani anaapa. Moshi wowote ndani ya chumba kilichofungwa humuumiza mtoto mwenye pumu. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza linalosajili waganga, na Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Kwa upande mwingine, wenye maabara nao wana la kujifunza bomani. Katika wilaya ya Simanjiro, Wamasai wanaujua mti waitao oltemwai, Commiphora swynnertonii, na hupaka utomvu wake kwa mifugo kufukuza kupe na viroboto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliufuatilia, na mwaka 2012 walichapisha kwamba dondoo zake zilidhibiti virusi vya mdondo wa kuku kwenye mayai ya majaribio. Mdondo humaliza kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja. Kazi ya namna hiyo ndiyo ningetamani kuiona nyingi zaidi, yenye jina la mfugaji aliyeonyesha mti likiandikwa pamoja na la mtafiti.

Kutoka Mbulu unateremka tena, safari hii upande wa magharibi, kuelekea Bonde la Yaeda. Lami imekwisha zamani. Mikaratusi inatoweka, joto linarudi, mbuyu wa kwanza unatokea, na mara umezungukwa na Commiphora kwa wingi ambao sijauona mahali pengine, kichaka juu ya kichaka mpaka kwenye vilima. Hapa ni nyumbani kwa Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na ushei kwa jumla, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana, na ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. "Mtana," unasalimia, nao wanaitikia mtana.

Mtu anayependa harufu ya utomvu hana mwalimu bora kuliko Wahadzabe. Nyuki wakubwa wanaokaa kwenye mibuyu wanajulikana, na wageni hupenda kuona kijana akipanda mbuyu kwa vigingi alivyovigongomea shinani, na kumsikiliza ndege anayeongoza watu kwenye asali. Mimi ninawapenda zaidi nyuki wadogo wasiouma. Ni wadogo kuliko nzi, wanakaa ndani ya shina la Commiphora mara nyingi, na mlango wao ni kimrija kinachotokeza kwenye gome, chembamba kuliko kidole cha mtoto. Kijana aliyekuwa akinitembeza alisimama mbele ya mti ambao mimi nilikuwa nimeupita, akanionyesha kwa ncha ya mshale. Niliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. Kimrija kilikuwa cheusi na laini, kinanata, na kilinukia mti wenyewe. Nyuki hawa hawajengi kwa nta tupu. Wanaokota utomvu wa miti, wanauchanganya na nta, na kwa mchanganyiko huo wanajenga mlango, kuta, na vyungu vidogo vya asali. Utomvu unazuia sisimizi na uozo. Dawa ile ile ya kidonda cha mti ndiyo ukuta wa nyumba ya nyuki.

Shoka lilifungua shina kwa mapigo machache. Asali yenyewe si nyingi, majimaji, na ina uchachu. Nyuma ya uchachu kuna ile harufu. Nilipoionja nilielewa kwa nini watoto waliokuwa nasi hawakungoja waitwe.

Wahadzabe hao hao wanajua utomvu wa namna nyingine. Adenium, kichaka chenye shina lililovimba na maua ya waridi yanayochanua katikati ya ukame, hutoa maji ambayo wanayachemsha mpaka yawe mazito na meusi, kisha wanayapaka kwenye mishale. Sumu hiyo huua hata mnyama mkubwa. Kijana alinionyesha mshale wake akiwa ameufunga ncha kwa kipande cha ngozi, na hakuniruhusu niuguse. Miti hii miwili, wa dawa na wa sumu, inaota hatua chache mmoja kutoka kwa mwenziwe, na mtoto wa Kihadzabe anaitofautisha kabla hajajua kuhesabu.

Msitu huu usingekuwapo bila watu hawa kuupigania. Ardhi yao ilimegwa kwa miongo mingi na wakulima na wafugaji waliohitaji ardhi nao. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya pamoja kwa hekta zipatazo 20,000, hatua ambayo ilikuwa ngeni kabisa nchini, na tangu wakati huo vijiji vya Mongo wa Mono, Domanga na Yaeda Chini vimeingia kwenye mpango wa kuuza hewa ukaa pamoja na shirika la Carbon Tanzania. Maana yake ni kwamba mti ukibaki umesimama, kijiji kinalipwa. Fedha hulipa walinzi wa msitu vijana, karo na matibabu. Ukiniuliza, ni habari njema kuliko zote nilizozikuta katika wilaya hizi mbili. Kichaka ambacho muuzaji wa Katesh alisema hakina soko, huku kina bei kikiwa hai.

Pwani tuliwahi kuwa na bahati kama hiyo tukaichezea. Karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa ardhini Mrima na kusini, utomvu wa misandarusi ya zamani iliyokwisha kufa, ilipelekwa Unguja kwa mizigo na kununuliwa na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Leo ni wachache Bagamoyo wanaoweza kukuonyesha mti huo ukiwa umesimama. Oman walifanya vingine. Bonde la miti ya ubani la Dhofar na bandari za kale za huko viliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mtu anasafiri kutoka mbali kwenda kuinusa miti kwenye bonde kavu. Bonde la Yaeda halihitaji kuiga Oman. Lakini lingestahili kutajwa na mwalimu wa jiografia Singida, na padri wa Mbulu siku ya Epifania, na kila mwongozaji anayepitisha watalii Karatu kuelekea Ngorongoro bila kugeuza shingo kushoto.

Anayetaka kwenda, aende Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, majani yakiwa yamepukutika na utomvu umekauka kwenye magome. Mabasi ya Mbulu na Haydom yanapatikana Babati na Arusha. Haydom kuna malazi ya kutosha, mji umekua kuizunguka hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Baridi ya Mbulu usiidharau, beba sweta. Ukiteremka Yaeda, fika kwanza ofisi ya kijiji, lipa ada, subiri upewe mwenyeji wa kukutembeza, na ununue asali kwake badala ya kubeba ya bei ya chini kutoka mjini. Kisu kiache kwenye begi. Matone yaliyokwisha kuganda yanatosha, na yanaokoteka kwa vidole.